Bomba la Pasua

Saa mbili asubuhi Inspekta Kastori alishuka shimoni kwa kamba huku akitukana kimoyomoyo. Hakuitukana harufu. Harufu alikwisha kuizoea tangu juzi, siku barabara ya Pasua ilipodidimia mchana kweupe ikammeza Zita, binti wa miaka kumi na tisa, pamoja na meza yake ya ndizi. Aliwatukana watu waliojazana ukingoni wakipayuka kwamba vipimo vyote hivi ni vya nini, wakati mhujumu amekwisha kamatwa na sururu yake imo mikononi mwa polisi.

Mhujumu huyo aliitwa Ndelilio, nyapara wa mafundi wa majitaka. Alfajiri ya siku ya ajali watu watatu walimwona akiichimba barabara hiyo hiyo. Saa saba mchana ikazama. Kwa mwaka kama ule wa 1983, mwaka wa msako wa wahujumu uchumi, watu wakisakwa mpaka mvunguni mwa vitanda kwa kipande cha sabuni, ushahidi wa namna hiyo ulitosha na kubaki. Saa kumi jioni gari lingempeleka Ndelilio Arusha kujibu shitaka la hujuma iliyoua mtu. Kilichokosekana ni sahihi ya Kastori kwenye jalada.

"Afande, umefika?" Konstebo Thadeus aliuliza kutoka juu, kamba mkononi.

"Nimefika. Nipe nyundo."

Bomba lenyewe lilikuwa la zege, pana kiasi cha mtu kuingia akitambaa. Majitaka yalikuwa yamezuiwa huko juu kwa viroba vya mchanga. Kastori alipiga magoti akagonga sakafu ya bomba. Nyundo ikadunda mkononi. Akagonga ubavuni, pale ulipokuwa usawa wa maji. Ikadunda tena, lakini kwa uvivu. Kisha akagonga dari, kwenye ukingo uliovunjika, na nyundo ikazama.

Alidhani amekosea, akarudia. Ikazama tena. Aliliparura zege kwa kucha likaja lote, jeupe, laini kama unga wa muhogo uliolowa, na mara likaanza kumwasha vidole. Akapima kwa rula. Sakafu ilikuwa na unene wa vidole vinne. Dari halikufika kidole kimoja, na nondo zake zilikuwa zimeliwa na kutu hadi zikawa nyembamba kama njiti za kiberiti. Akafungia bonge moja katika gazeti, akatia mfukoni.

Alipopanda juu alipima pia kutoka shimoni hadi mahali Ndelilio alipochimba. Hatua saba. Kishimo cha Ndelilio kilikuwa nadhifu, kimekatwa kwa mraba, na chini yake bomba lilikuwa bado limesimama, likiwa na tundu moja la sururu lisilozidi ngumi. Pigo moja tu. Mtu aliyekuja kuvunja angepiga moja akaenda zake?

"Inspekta, unachafua nguo zako bure," alisema Bwana Urbanus, mkuu wa karakana ya mabomba, mtu mnene aliyevaa suti ya Kaunda iliyopigwa pasi ikanyooka. "Bomba hili lilizikwa mwaka wa hamsini na mbili, likapimwa lidumu miaka mia. Haliwezi kufa lenyewe. Sururu ndiyo imeliua."

"Sururu imepiga pale. Bomba limeanguka hapa."

Urbanus alitazama pale, akatazama hapa. "Basi malori. Malori ya sukari yanapita hapa kila siku, yamezidisha uzito."

"Na kule mbele hayapiti? Mbona kumesimama?"

"Mizizi, basi. Umeuona mkuyu ule? Mizizi inaingia kwenye maungio, inatanua, bomba linapasuka."

Kastori alikuwa ameiona mizizi hiyo. Ilikuwa michanga, myembamba kama nyuzi, imeingia baada ya ufa kuwapo. Dakika tano, sababu tatu, na yule aliyemshitaki Ndelilio kwa sababu ya kwanza alikuwa tayari kuiacha bila hata kuombwa. Kastori aliligundua hilo, na hasira zikaanza kumpanda taratibu.

Kando ya shimo, juu ya kigoda, alikuwa amekaa Mama Avelina, mama yake Zita. Tangu mazishi hakutaka kuondoka pale. Kastori alichuchumaa mbele yake.

"Pole, mama."

"Pole zenu nimeshiba. Nataka nimwone Ndelilio akinyongwa. Unaniletea hilo au huniletei?"

"Nitakuletea aliyemuua Zita. Niambie, uvundo huu ulianza lini hapa?"

Mama Avelina hakulitarajia swali hilo. Alifikiri. "Zita akiwa darasa la tano. Miaka sita. Zamani ulikuwa hausikii harufu. Kila Jumamosi mchana ulisikia maji yanavuma humo chini kama mto. Zita alikuwa analala kifudifudi barabarani ayasikilize, namchapa. Yakaacha kuvuma. Ndiyo ikaja harufu ya mayai viza." Akatoa rozari kifuani. Medali yake ilikuwa nyeusi kama sufuria ya kuni. "Hii ni fedha, baba. Naisugua kwa majivu kila Ijumaa. Jumatatu imeshakuwa hivi. Nilidhani ni dhambi zangu."

Kastori aliandika katika daftari: Jumamosi. Maji. Miaka sita.

*

Ndelilio alikuwa mtu mrefu wa makamo, vidole vimebabuka kwa kazi. Kwa siku mbili hakuwa amefungua kinywa mahabusu. Kastori hakumwuliza lolote juu ya hujuma. Alifungua gazeti mezani, akalisukuma lile bonge jeupe mbele yake.

"Nimegonga chini, pagumu. Nimegonga juu, nyundo imezama. Sielewi. Nieleze kama unavyomweleza kibarua mpya."

Ndelilio alilitazama bonge hilo. Akalibonyeza kwa dole, likamumunyuka. Fundi akiwekewa kazi yake mbele ya macho, kunyamaza ni shida.

"Majitaka yakitembea hayana neno, afande," alisema hatimaye. "Yakilala ndipo balaa. Huku mjini bomba lina mteremko, yanakimbia. Yakifika Pasua ardhi imelala, na yenyewe yanalala. Yanaoza. Yanatoa hewa ile ya mayai viza. Hewa inapanda, inashika kwenye jasho la dari, inageuka tindikali. Tindikali kweli, kama ya betri ya gari. Inakula zege usiku na mchana. Chini kwenye maji haili. Ndiyo maana huko chini nyundo yako imedunda."

"Kwa hiyo waliojenga walikosea."

"Hawakukosea, walijua. Ndiyo maana waliomba zamu ya mfongo."

Kastori, mzaliwa wa Kibosho, aliinua kichwa. Alikulia kwenye mifongo, mifereji hiyo inayoshusha maji ya mlima hadi kwenye migomba, kila ukoo na zamu yake. Aliwahi kuchapwa na mjomba wake kwa kufungua maji saa isiyokuwa yao, na makovu anayo.

"Kila Jumamosi mchana," Ndelilio aliendelea, "mfongo wa Shirimatunda ulifunguliwa kwenye chemba ya juu kabisa. Kwa muda wa saa tatu nzima maji yanapita kwa kasi, yanakomba uchafu wote mpaka kwenye mabwawa ya majitaka. Miaka ishirini na tano bomba halikuumwa hata jino. Halafu Bwana Urbanus akatuambia wazee wamekataa. Ati hawataki maji yao yaoshe choo cha mji. Akatuonesha barua, imejaa dole gumba."

"Hukwenda kuwauliza wazee?"

"Ningekwendaje? Niliona aibu. Maji ya ukoo wa watu, sisi tunayatia chooni. Nikasema wana haki."

"Na sururu?"

"Alfajiri ile nilipita na baiskeli, nikasikia barabara inalia chini ya magurudumu kama ngoma. Nikachimba. Pigo la kwanza, sururu ikazama mpaka mpini. Nikakimbia kwa Bwana Urbanus, nikamwambia funga barabara leo hii. Akasema nikirudia maneno hayo nitafute kazi nyingine. Barua nimemwandikia, afande. Kila mwaka moja. Sita."

"Mbona hukusema tangu juzi?"

"Nimwambie nani?" Ndelilio aliuliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapanda. "Kila aliyeingia humu alikuja na jina langu tayari. Mhujumu! Hata wewe juzi uliniita hivyo mlangoni."

Ilikuwa kweli. Kastori aliona uso wake ukiwaka moto. Alifunga daftari akatoka bila kuaga.

*

Mzee Aminieli, mzee wa mfongo wa Shirimatunda, Kastori na Thadeus walimkuta kwenye migomba yake akinoa mundu.

"Shikamoo, meku," Kastori alimwamkia mzee huyo kwa neno la heshima la mlimani.

"Marahaba. Polisi wawili kwa mara moja? Nani kafa?"

Kastori alimweleza aliyekufa, akaomba aoneshwe njia ya maji ya Jumamosi. Mzee aliweka mundu chini. Aliwatangulia kwa fimbo yake hadi mahali mfongo ulipogawanyika mara mbili. Mkono wa kushoto ulielekea mjini. Ulikuwa mkavu, umeota majani hadi kiunoni, na mdomo wake ulikuwa umezibwa kwa ukuta.

Kastori alisimama akautazama ukuta huo mpaka Thadeus akaanza kukohoa. Mfongo hufungwa kwa mawe, udongo na vipande vya mgomba, kwa kuwa kesho ni zamu ya mwingine na yeye atakuja kufungua. Tangu azaliwe hakupata kuona mfongo uliozibwa kwa saruji. Hakuna mzee wa mlimani angefanya hivyo hata akiwa amelewa. Na tena saruji! Bidhaa iliyotoka kwa kibali, mfuko mmoja ukipigiwa magoti miezi mitatu.

"Aliyejenga hapa ni nani, meku?"

"Mkubwa wa mabomba. Alikuja na mafundi wake na mifuko ya serikali."

"Yeye anasema ninyi ndio mliokataa. Mmeweka dole gumba kwenye barua."

"Barua gani?" Mzee Aminieli alitema mate chini. "Sisi tukatae? Zamu ya Jumamosi tuliitoa kwa mbege. Mzungu wa mabomba alikuja hapa na mitungi minne, tukakaa, tukanywa, tukakubali, basi. Zamu iliyonywewa mbege huiondoi mpaka uje unywe na sisi mbege nyingine. Huyu hajatuletea hata kata moja. Alituambia mji umepata mashine, hautaki tena maji yetu, ati tukae mbali na mali ya serikali."

"Mkauacha ukuta."

"Wewe ungevunja ukuta wa serikali?"

Kastori aligeukia upande wa pili. Alikuwa akifuata kwa macho mkono wa kulia, ule wenye maji. Ulikuwa umepanuliwa karibuni, kingo zake zimechongwa vizuri, na uliishia kwenye ekari nne za nyanya na kabichi zilizostawi vibaya mno, kijani hadi zinaumiza macho, katikati ya kiangazi. Pembeni palikuwa na kibanda cha mlinzi chenye bati jipya.

"Shamba la nani lile?"

"La huyo huyo. La mkubwa wa mabomba."

Waliporudi kwenye Land Rover Kastori alibamiza mlango hadi kioo kikatetemeka. Kumbe ni jambo dogo hivyo! Urbanus aliwaambia wa chini kwamba wa juu wamekataa. Aliwaambia wa juu kwamba wa chini hawataki. Wote wakaona haya, wote wakaogopa, hakuna aliyemfuata mwenzake kumwuliza, na katikati yao mtu mmoja akamwagilia nyanya kwa miaka sita huku bomba likioza.

*

Ilikuwa saa nane na nusu walipoingia ofisini kwa Urbanus. Alikuwa ndiyo kwanza ametoka kula, anachokonoa meno.

"Nimekuja kuchukua ile barua ya wazee wa mfongo," alisema Kastori.

Urbanus alisita kidogo, kisha akafungua kabati kwa kujiamini. Karatasi yenyewe ilipigwa taipu vizuri. Wazee wa mfongo, baada ya kikao chao, wameamua kwa kauli moja kusitisha maji ya Jumamosi. Chini yake, alama kumi za dole gumba, za wino wa zambarau, zilizopangwa safu mbili.

"Ulikuwapo kwenye kikao hicho?"

"Nilikuwapo. Mimi ndiye niliyekiitisha."

"Mbege aliileta nani?"

"Mbege?" Urbanus alicheka. "Inspekta, kile kilikuwa kikao cha maendeleo. Hakuna pombe. Walikunywa chai. Nilinunua mwenyewe."

"Chai."

"Chai na maandazi."

Thadeus, aliyezaliwa Rombo na kukulia kwenye mfongo wa babu yake, aliguna nyuma ya mlango akajifanya anapiga chafya. Wazee kumi wa mfongo wanaondoa zamu ya maji kwa chai na maandazi! Urbanus alizaliwa Machame, lakini alipelekwa mjini akiwa mdogo na huko mlimani alirudi kwa ajili ya Krismasi tu. Alidhani maji ya mlima hutolewa kama yanavyotolewa maji ya ofisini, kwa muhuri.

Kastori hakucheka. Alitoa kioo chake cha kukuzia, akaipeleka barua dirishani. Akatazama dole la kwanza. Akatazama la pili, la tano, la kumi. Kila moja lilikatwa na mstari mmoja mweupe uliopita upandeupande.

"Nipe mkono wako wa kulia."

"Kwa nini?"

"Nipe mkono!"

Urbanus aliuficha chini ya meza. Thadeus alizunguka, akaushika kwenye kifundo, akauweka juu ya karatasi. Kovu la zamani lilipita upandeupande wa dole gumba, limekaa pale pale ulipopita ule mstari mweupe.

"Umekuwa wazee kumi peke yako," alisema Kastori. "Kazi ngumu."

"Inspekta, tuelewane. Shamba lile ni mradi. Tuliambiwa kilimo cha kufa na kupona, na mimi nimelima! Hata hospitali inakula kabichi zangu."

"Kufa amekufa Zita."

"Sikujua litaanguka! Naapa."

"Barua sita ziko wapi?"

Urbanus aliangalia droo ya chini. Aliangalia mara moja tu, lakini ilitosha. Zilikuwamo zote, hazijatupwa, zimebanwa pamoja kwa pini, mwandiko mkubwa wa mtu aliyesoma ngumbaro. Katika ya mwisho Ndelilio alikuwa ameandika: Pasua dari halina nguvu tena, litaua mtu. Kando yake, kwa kalamu nyekundu, palikuwa na neno moja: Faili.

Kastori alitaka kumpiga. Aliuona mkono wake ukiwa umekunjwa ngumi juu ya meza na ikabidi aurudishe chini kwa nguvu. "Mfunge pingu," alimwambia Thadeus. "Mikono mbele. Nataka mji mzima umwone."

*

Saa kumi gari la Arusha lilikuja likamchukua mtu mwingine. Ndelilio alifunguliwa, akarudishiwa mkanda na kofia yake. Hakushukuru.

"Nipeleke Pasua, afande. Mmechunguza kipande kimoja. Kutoka pale hadi kwenye mabwawa dari lote liko vile vile, hatua mia nne, na leo malori yanazunguka kwa uchochoro wa nyuma, juu ya bomba lile lile."

Walikwenda. Watu bado walikuwa ukingoni, na walipomwona Ndelilio akishuka bila pingu palizuka zogo. Jiwe moja likagonga boneti. Kastori alipanda juu ya bampa akawaeleza yote kwa sauti ya ukali: mfongo, ukuta, nyanya, alama kumi za dole moja. Baadhi walitazama chini ya miguu yao.

Mama Avelina aliinuka kwenye kigoda chake, akamfuata Ndelilio hadi akasimama mbele yake.

"Kwa hiyo hukuvunja."

"Sikuvunja, mama."

"Lakini alfajiri ile ulikuwa unajua."

"Nilijua. Nilikwenda kumwambia mkubwa wangu."

"Kabla hujaenda. Zita alikuwa anapanga meza. Hatua saba, huyu inspekta amezipima. Hakukuuliza unachimba nini?"

Ndelilio alivua kofia.

"Aliniuliza."

"Ukamjibuje?"

"Nilimwambia ni mambo ya ofisi." Aligeuka akatazama shimo. "Nikanunua ndizi mbili, nikaenda."

Kastori alisikia hasira yake yote, aliyokuwa ameielekeza kwa Urbanus tangu asubuhi, ikikosa pa kwenda. Alitaka kusema neno la kumtetea yule mtu. Angemtetea kwa lipi? Barua sita alimwandikia mkubwa, na kwa aliyekaa juu ya bomba hakutoa hata sentensi moja.

Mama Avelina hakupiga kelele. Alikichukua kigoda chake, akakipeleka katikati ya uchochoro wa nyuma, akakaa mbele ya lori la sukari lililokuwa likija. Dereva akafunga breki, akapiga honi, akatukana. Mama Avelina hakugeuka hata kumtazama.

"Haya, Ndelilio," alisema. "Mkubwa wako amefungwa. Mwambie mwenye nyumba ile. Na ile, na ile. Waambie wote watoke. Sema kwa sauti."

Ndelilio alimtazama Kastori, kana kwamba anaomba ruhusa, na Kastori akamfokea, "Nenda! Unamngoja nani?" Akaenda. Alibisha mlango wa kwanza, akafungua mwanamke mwenye mtoto mgongoni na mwiko wa ugali mkononi, akauliza kuna nini. Ndelilio akaanza kumweleza tangu mwanzo, kwa sauti, hata walio ng'ambo ya shimo wakamsikia.